Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya ya umma: rudisheni takwimu za korona, na wahesabuni ambao hawajapona

Kwa mawaziri wa afya, waganga wakuu, wakurugenzi wa kinga na wakuu wa idara za takwimu, popote mlipo.

Waheshimiwa,

Naandika kuomba kitu ambacho mlikuwa nacho mkakiachia. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mtu wa kawaida, hata asiyejua lolote la udaktari, aliweza kufahamu kwa kiasi fulani korona imefikia wapi katika eneo lake. Kila siku au kila wiki zilitoka taarifa za waliopimwa, waliokutwa na virusi, waliolazwa na waliofariki. Taarifa zile zilikuwa na kasoro kubwa, na nitazisema, lakini zilikuwepo. Leo mtu huyo huyo akitaka kujua kama wiki hii virusi vinapanda au vinashuka pale anapoishi, katika sehemu nyingi za dunia hana pa kuuliza. Anabaki kusikiliza kikohozi cha jirani na kuhesabu jamaa waliolala na homa.

Najua mtanikumbusha tarehe 5 Mei 2023, siku Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza kwamba korona si tena dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Tangazo lile lilikuwa na msingi. Watu wengi walikuwa wameshachanjwa au wameshaambukizwa, vifo vilikuwa vimeshuka kwa zaidi ya mwaka mzima, na hospitali zilikuwa zimeanza kupumua. Lakini hotuba ile ilikuwa na sehemu ya pili ambayo haikunukuliwa sana. Mkurugenzi Mkuu, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema siku ile ile kwamba jambo baya kuliko yote ambalo nchi yoyote ingeweza kufanya ni kuichukua habari hiyo kuwa sababu ya kulegeza ulinzi, kubomoa mifumo iliyokwisha kujengwa, na kuwaambia wananchi kwamba hakuna tena cha kuhofia.

Ndicho kilichofanyika, na sehemu nyingine kilikuwa kimeanza kabla ya hotuba. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, ambacho ramani yake ya dunia ilitazamwa na mamilioni ya watu tangu Januari 2020, kiliacha kukusanya takwimu tarehe 10 Machi 2023, kwa sababu mojawapo kwamba mamlaka zilizokuwa chanzo cha takwimu hizo zilishapunguza kuzitoa. Uingereza ilikuwa na utafiti ambao wataalamu wa nchi nyingine waliutamani: Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilichagua kaya kwa bahati nasibu, ikawapima watu wawe na dalili wasiwe nazo, na kwa njia hiyo ikajua ni wangapi kati ya mia wana virusi kwa wakati ule. Ulianza Aprili 2020, ukasimamishwa Machi 2023. Marekani nayo iliziondolea hospitali wajibu wa kuripoti waliolazwa kwa korona mwisho wa Aprili 2024, kisha ikaurudisha tarehe 1 Novemba mwaka huo huo. Mfano huu wa mwisho naushikilia kwa mikono miwili. Unathibitisha kwamba serikali inaweza kuona pengo, ikajirudi ndani ya nusu mwaka, na hakuna aliyeaibika.

Mnaweza kuuliza: virusi vipo kila mahali sasa, namba itamsaidia nani? Naomba mumfikirie mtu aliyepandikizwa figo. Dawa anazomeza kila siku ili mwili usiikatae figo ile ndizo zinazodhoofisha kinga yake, na kwa sababu hiyo hiyo chanjo haimkingi kama inavyomkinga mwingine. Ana miadi ya kliniki, anatakiwa akae saa nzima kwenye benchi katika ukumbi usio na dirisha lililo wazi, katikati ya watu wanaokohoa. Akijua kwamba maambukizi yamepanda, atavaa barakoa nzuri, ataomba apangiwe saa ya mapema kabla watu hawajajaa, au atauliza kama miadi inaweza kusogezwa wiki mbili. Akijua kwamba yameshuka, ataenda kwenye harusi ya mpwa wake bila woga. Asipojua, ama anajifungia mwaka mzima, ama anaacha kujilinda kabisa kwa kuchoka. Vivyo hivyo kwa anayetibiwa saratani, kwa mzee mwenye moyo dhaifu, kwa mjamzito, kwa aliyezaa mtoto ambaye hajafikisha umri wa chanjo.

Mfikirieni pia daktari wa zahanati. Ipo dawa inayounganisha nirmatrelvir na ritonavir, ambayo humpunguzia mgonjwa aliye hatarini uwezekano wa kuzidiwa, lakini inatakiwa ianzwe ndani ya siku tano tangu dalili zitokee. Siku tano ni chache mno. Mgonjwa hukaa nyumbani siku mbili akidhani ni mafua ya kawaida, siku ya tatu anakunywa dawa za maumivu, ya nne anakwenda zahanati. Daktari anayejua kwamba virusi vinapanda katika eneo lake atampima pale pale. Asiyejua atamwandikia dawa ya kikohozi na kumwambia arudi baada ya wiki asipopata nafuu.

Sasa naomba niwaeleze kwa nini mimi binafsi siwezi kulinyamazia jambo hili. Dada yangu aliugua korona mwaka 2021. Hakulazwa, hakuwekewa oksijeni, na katika kila takwimu iliyowahi kuandikwa kumhusu, kama iliandikwa, yeye amehesabiwa miongoni mwa waliopona. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kuamka alfajiri, akamaliza kazi za nyumba, akaenda kazini, akarudi na bado ana nguvu ya kukaa na watoto kwenye masomo yao. Leo anapiga pasi akiwa ameketi. Akisimama ghafla moyo unamwenda mbio mpaka anashika ukuta. Anaanza sentensi, neno linapotea katikati, ananitazama nimsaidie kulitafuta. Kilicho kigumu kuliko vyote kueleweka na watu ni kwamba akijitutumua leo akafanya shughuli kama zamani, haanguki leo. Anaangushwa kesho au keshokutwa, na anaweza kulala siku kadhaa katika chumba chenye giza kwa sababu hata mwanga unamuumiza. Wageni huja siku ambazo amejikusanya, wakaondoka wakisema mbona mzima.

Alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni mawazo. Mahali pengine akapewa vitamini na ushauri wa kufanya mazoezi. Kwa mtu ambaye mwili wake huzidiwa baada ya kujikaza, ushauri huo unaweza kumdidimiza zaidi, na ulimdidimiza. Nimewahi kuliona faili lake. Katika safu ya ugonjwa limeandikwa neno moja, “uchovu”. Mwisho wa mwezi karani atajumlisha, na dada yangu atakuwa ameingia katika fungu moja na mtu ambaye hakulala vizuri.

Waheshimiwa, haikuwa lazima iwe hivyo. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ambayo hospitali zenu huitumia, WHO iliweka alama U07.1 kwa korona iliyothibitishwa kwa kipimo, U07.2 kwa ile inayoshukiwa bila kipimo, na U09 kwa hali inayobaki baada ya korona. Alama ipo. Oktoba 2021 yakatoka na maelezo rasmi ya hali yenyewe: dalili ambazo kwa kawaida huonekana ndani ya miezi mitatu tangu maambukizi, zikadumu angalau miezi miwili, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Maelezo hayahitaji mashine ya gharama. Yanahitaji daktari anayemsikiliza mgonjwa mpaka mwisho, akauliza lini aliugua, na akajua kwamba kuna mahali pa kuyaandika anayosikia. Je, katika semina zenu za watunza kumbukumbu za hospitali, alama U09 imewahi kutajwa?

Ukubwa wa tatizo unajulikana kwa waliotaka kuujua. WHO inakadiria kwamba watu wapatao 6 kati ya kila 100 wanaopata korona hubaki na hali hii. Uingereza, katika taarifa yake ya Machi 2023, ilikadiria kwamba watu milioni 1.9 wanaoishi majumbani, sawa na asilimia 2.9, wenyewe walisema wana dalili zilizodumu zaidi ya wiki nne. Namba ile ilipatikana kwa kuuliza. Watafiti walikuwa tayari wanakwenda kwenye kaya kwa ajili ya vipimo, wakaongeza maswali. Nchi nyingi zina tafiti za kaya za aina hiyo, za afya, za ajira, za mapato, na karani tayari amesimama mlangoni na kishikwambi mkononi. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika dodoso lake.

Naunganisha mambo haya mawili, kiwango cha virusi mtaani na ugonjwa usioisha, kwa sababu katika maisha ya dada yangu hayatenganishiki. Kuambukizwa mara ya pili kunaweza kumrudisha nyuma hatua zote alizopiga kwa jasho. Hakuna anayejua vizuri kuliko yeye thamani ya kuambiwa: wiki hii tulia, virusi vimepanda. Na wale ambao wataugua wiki hii, baadhi yao ndio watakaojiunga naye mwakani.

Sasa kuhusu namna ya kufanya, kwa maana najua mtasema vipimo vya kila mtu haviwezekani tena. Nakubali. Watu hawajitokezi kupimwa, na wanaojipima nyumbani hawaripoti kokote. Kuhesabu waliopimwa kulishapoteza maana hata kabla hamjaacha. Lakini ipo njia isiyomsumbua mtu yeyote, na inatoka chooni.

Mtu mwenye korona hutoa vipande vya vinasaba vya kirusi katika kinyesi chake, wengine hata kabla hawajajisikia vibaya. Vipande hivyo hutiririka na majitaka hadi kwenye kituo cha kusafishia. Pale kwenye mdomo wa kuingilia huwekwa mtambo mdogo unaonyonya kiasi kidogo cha maji kila baada ya muda fulani kwa saa 24, ukakijaza kwenye chupa iliyowekwa kwenye ubaridi. Chupa inakwenda maabara, uchafu unachujwa, vinasaba vinakusanywa, kisha vinapimwa kwa PCR, teknolojia ile ile iliyotumika kupima pua zetu. Mvua ikinyesha majitaka huwa mepesi na namba ikashuka kwa uongo. Kwa hiyo wataalamu hupima pia kiasi cha maji yaliyopita, au hulinganisha na kirusi cha pilipili, ambacho hakimdhuru mwanadamu na kimejaa katika kinyesi cha watu kila mahali kwa sababu ya tunavyokula. Ukijua kirusi cha pilipili kimepungua kwa kiasi gani, unajua maji yameongezeka kwa kiasi gani. Mimi si mtaalamu wa maabara, lakini niliposoma jambo hili kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Kuna watu walikaa wakafikiri kwa makini namna ya kuhakikisha namba hizi zinatudanganya kidogo iwezekanavyo.

Chupa moja huwasemea maelfu ya watu kwa pamoja: mwenye bima na asiye na bima, aliyekwenda hospitali na aliyejitibu nyumbani, anayeamini korona ipo na asiyeamini. Hakuna jina la mtu ndani yake. Uholanzi watafiti walivikuta vipande vya kirusi katika majitaka ya mji wa Amersfoort mapema Machi 2020, kabla mgonjwa yeyote wa mji huo hajaripotiwa. Marekani ilianzisha mfumo wa taifa wa kufuatilia majitaka Septemba 2020. Na njia yenyewe haikuzaliwa na korona. Ni ya wapiganaji wa polio, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakichota maji machafu katika miji ya Afrika na Asia kutafuta kirusi chao. Mwaka 2022 njia hiyo ilionyesha kwamba kirusi cha polio kinazunguka London bila mtoto hata mmoja kuwa amepooza. Maana yake ni kwamba katika nchi nyingi zinazosema hazina uwezo, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuchota majitaka, kuna gari linalobeba chupa, na kuna maabara inayoipokea. Mlichonacho kwa polio kinaweza kubeba na korona.

Sitaificha kasoro yake. Majitaka hayasemi ni wangapi hasa wanaumwa, yanasema tu kama mwelekeo ni wa kupanda au kushuka. Na pale ambapo watu wanatumia vyoo vya shimo, hakuna bomba la kuwakusanya wote. Sehemu kama hizo wapo waliochota kwenye mifereji na vijito vinavyopokea maji ya makazi, na matokeo yakasaidia, ingawa ni magumu zaidi kuyasoma. Kwa maeneo hayo nafikiri njia ya vituo teule ni bora. WHO ina mtandao wa kufuatilia mafua tangu mwaka 1952. Zahanati chache zinachaguliwa, kila wiki zinachukua sampuli kutoka kwa baadhi ya wagonjwa wenye homa na kikohozi, na asilimia ya watakaokutwa na kirusi ndiyo inayofuatiliwa wiki hadi wiki. Sampuli moja inaweza kupimwa mafua na korona kwa pamoja. Siombi jengo jipya. Naomba yule muuguzi anayechukua sampuli ya mafua apewe kipimo cha pili.

Halafu kuna vifo, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo uongo mkubwa ulipokaa. Kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti waliwapima marehemu waliofikishwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya chuo kikuu mjini Lusaka, Zambia. Kati ya marehemu 364, walikuta virusi vya korona kwa 70 walipohesabu kila kiwango kilichoonekana, karibu mmoja kati ya watano. Kwa kigezo kikali zaidi walikuwa 58. Hamsini na mmoja kati ya wale 70 walifia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Hata wale 19 waliofia hospitalini, ni 6 tu waliokuwa wamepimwa. Wakati ule dunia ilikuwa inajiuliza kwa mshangao kwa nini korona haikuigusa Afrika. Jibu lilikuwa limelala kwenye majokofu, halijapimwa.

Kwa dunia nzima, WHO ilikadiria kwamba katika mwaka 2020 na 2021 kulikuwa na vifo milioni 14.9 zaidi ya vile ambavyo vingetarajiwa bila janga, huku vilivyoripotiwa rasmi kuwa vya korona vikiwa takriban milioni 5.4. Tofauti ile ni watu. Walizikwa, wakaombolezwa, na katika vitabu vya serikali zao hawakufa kwa korona. Wengine walikufa kwa sababu hospitali ilijaa wakakosa huduma ya maradhi mengine, nao ni wa janga hili pia. Makadirio yale yalilazimika kutumia hesabu za kitaalamu kwa nchi nyingi kwa sababu moja: hazisajili vifo vyao kikamilifu. Kwa hiyo katika ombi langu la kufuatilia korona limo pia ombi la kale zaidi, la kila kifo kuandikwa na sababu yake kutafutwa. Nchi isiyojua watu wake wanakufa kwa nini haiwezi kujua hata kama sera zake za malaria au za ajali za barabarani zinafanya kazi.

Nakuja kwenye hofu yenu, na nataka niitaje kwa heshima kwa sababu ina mantiki. Anayesema ukweli mapema huadhibiwa. Tuliona Novemba 2021. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua aina mpya ya kirusi, wakaisoma kwa kasi ya ajabu, na tarehe 24 Novemba WHO ikawa imearifiwa. Tarehe 26 ikaitwa Omicron. Ndani ya siku chache Uingereza, Marekani, nchi za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi zikafunga milango kwa wasafiri wa kusini mwa Afrika. Baadaye Uholanzi ikagundua kwamba kirusi kile kile kilikuwa tayari ndani ya sampuli zake za tarehe 19 na 23 Novemba. Kosa la Botswana na Afrika Kusini lilikuwa kutazama kwa makini kuliko wengine. Kwa hiyo barua hii haiwaendei tu wale ambao hawapimi. Inawaendea pia ninyi mnaokaa kwenye nchi zenye nguvu na kuamua nani aingie na nani asiingie. Tarehe 20 Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, siku moja baada ya kamati yake kuuridhia kwa kura 124 bila hata moja ya kupinga, huku nchi 11 zikijizuia kupiga kura. Kama mkataba huo una maana yoyote, basi nchi itakayotoa taarifa mapema ipelekewe dawa, vifaa na shukrani, na viwanja vyake vya ndege viachwe wazi.

Hofu ya pili, kwamba takwimu zitazua taharuki, siikubali. Taharuki niliyoishuhudia miaka ile ilitoka kwenye sauti zilizorekodiwa zikasambazwa usiku kwenye simu, na zilienea zaidi pale ambapo mamlaka zilinyamaza. Mtu akishapewa namba ya eneo lake kwa siku ile ile ya kila wiki, ikipanda akaambiwa imepanda, ikishuka akaambiwa imeshuka, huizoea na kuitumia.

Kuna makovu mengine ya janga hili ambayo siwezi kuyapita, japo kila moja linastahili barua yake. Shule zilipofungwa, wanafunzi karibu bilioni 1.6 walikuwa nje ya madarasa kwa wakati mmoja. Mwaka 2021 watoto milioni 25 walikosa chanjo moja au zaidi za utotoni, na surua inaendelea kutuonyesha maana ya pengo lile. Vifo vya kifua kikuu viliongezeka mwaka 2020, kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka kumi. Wapo watoto, kwa mamilioni, waliopoteza mzazi au bibi aliyekuwa anawalea. Wapo pia wahudumu wa afya: WHO ilikadiria kwamba takriban 115,000 huenda walikufa kwa korona kati ya Januari 2020 na Mei 2021, na wenzao waliobaki wengi wao wanafanya kazi kwa mwili uliochoka na kumbukumbu ambazo hakuna aliyewaomba wazitue. Ni nani katika ofisi zenu aliyepewa kazi ya kuwafuatilia watu hawa? Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2020 yuko wapi leo? Yule muuguzi aliyerudi kazini akiwa na kifua kisichojaa hewa, likizo yake ya ugonjwa ilihesabiwaje?

Kwa hiyo nawaomba hivi. Kila wiki, siku ile ile, toeni kiwango cha virusi kwa kila eneo mnaloweza kulipima, kwa wilaya au kwa mji, maana wastani wa nchi nzima hauniambii lolote kuhusu mtaa wangu. Kitoeni kwa lugha ambayo watu wanaizungumza, na mahali ambapo hata mwenye simu isiyo na intaneti atakipata, iwe redioni au kwa ujumbe mfupi. Wekeni mchoro unaoonyesha wiki zilizopita ili mtu aone mwelekeo mwenyewe. Semeni mmepimaje. Wafundisheni madaktari na watunza kumbukumbu kuandika U09, ongezeni swali la dalili zisizoisha kwenye tafiti za kaya, na matokeo yake yapelekwe pia kwa wanaoshughulikia ajira na mafao ya ulemavu, kwa sababu dada yangu anahitaji mwajiri anayekubali afanye kazi nusu siku akiwa ameketi kabla ya kuhitaji dawa yoyote ambayo bado haijagunduliwa. Waiteni wagonjwa wenyewe mezani mnapopanga. Ni wao waliotangulia kusema, katika mwaka ule wa 2020, kwamba hawaponi, wakati vitabu vilikuwa vinasema wiki mbili zinatosha.

Na lipo ombi la mwisho ambalo halihitaji bajeti wala maabara, linaweza kutekelezwa kesho asubuhi. Katika ramani na majedwali yenu, eneo ambalo halijapimwa mara nyingi huonekana sawasawa na eneo lisilo na ugonjwa: limeachwa jeupe, au limewekewa sifuri, au limepakwa rangi ya kijani. Litenganisheni. Pale mlipopima mkakuta hakuna, andikeni sifuri. Pale ambapo hamkupima, andikeni “hapajapimwa”, na pembeni yake wekeni tarehe ya mara ya mwisho mlipopima.

Wenu, raia na dada wa mgonjwa